Pesa na Wasomaji: Nani huamua kampuni gani inaingia kwa indeksi ya teknolojia?

Wiki hizi maswali mengi mnayotuma yanahusu kitu kimoja, zile fandi za teknolojia za ng'ambo ambazo siku hizi mtu ananunua kwa simu akiwa ameketi kwa matatu pale Thika Road. Nimechagua sita. Mengine yanafanana nayo kwa hivyo ukikosa jina lako usikasirike, jibu lako liko hapa ndani.

Mimi ni fundi wa simu huku Luthuli. Kuna apu naweka pesa kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi, na ndani iko na fandi tatu zote zimeandikwa AI. Nikafungua orodha ya kila moja nikashangaa, moja imejaa Nvidia na Microsoft, ingine iko na kampuni za Japani sijawahi skia kama Fanuc na Keyence, ya tatu imechanganya kila kitu. Sasa AI ni gani kati ya hizo? Na nani hukaa chini akasema hii iko ndani hii iko nje?
Fundi, Luthuli Avenue

Fundi wangu, hili ndilo swali kubwa la leo na nitakaa nalo.

Kwanza tenganisha watu wawili. Kuna mwenye fandi, ndiye anapokea pesa yako na kununua hisa. Halafu kuna mwenye indeksi, ambaye kazi yake ni kuandika orodha na sheria za hiyo orodha. Mara nyingi hizo ni kampuni mbili tofauti kabisa. MSCI, S&P Dow Jones, Nasdaq, STOXX, FTSE Russell, Indxx, hao ni watu wa orodha, na mwenye fandi huwalipa ili atumie orodha yao kisha ananunua vile imeandikwa bila kuongeza maoni yake. Chukua BOTZ, fandi ya Global X iliyoanza 2016, inafuata indeksi ya Indxx ya roboti na akili mnemba, na hapo ndipo utakutana na hao Wajapani wako. Fanuc anatengeneza roboti za viwandani, ile mikono mikubwa ya kuchomelea magari, naye Keyence anauza sensa na kamera zinazokagua bidhaa zikipita kiwandani. Kwa huyo mwandishi wa orodha roboti na AI zinaenda pamoja. Kwa mwingine AI ni chipu na klaudi, yaani kompyuta za kukodi kwa mtandao, basi. Hakuna serikali wala bodi ya dunia iliyosema kampuni ya AI ni ipi, kila mtu wa orodha anachora mpaka wake, na ndio maana fandi zako tatu zina jina moja na watu tofauti ndani.

Mchujo wenyewe unaanza na mambo ya kawaida. Wanachukua maelfu ya kampuni kutoka masoko wanayoyakubali, wanatoa zile ndogo, kiwango cha chini mara nyingi ni mamia ya mamilioni ya dola kwa thamani ya soko, halafu wanatoa zile ambazo hisa zake hazibadilishwi mikono sana kwa siku. Hii sehemu watu huiruka lakini ni ya maana, manake fandi yenye dola bilioni moja ikitaka kununua hisa ambayo kwa siku inauzwa ya dola elfu hamsini, itapandisha bei yenyewe ikinunua na itaiangusha yenyewe ikiuza, na anayeumia ni wewe.

Baada ya hapo ndio kazi ngumu inaanza: hii kampuni ni ya mada yetu ama si ya mada yetu?

Njia moja ni mapato. Unaiuliza kampuni, kwa kila shilingi mia unayoingiza ni ngapi zinatoka kwa hii biashara? Ikivuka kiwango inaingia. STOXX ya Ulaya inafanya hivyo kwa indeksi zake kadhaa, inatumia data inayogawanya mapato ya kampuni vipande vipande, na mstari mara nyingi ni nusu, asilimia 50. Inasikika safi kabisa mpaka ukutane na Amazon. Mwaka wa 2024 Amazon iliingiza dola bilioni 638. Klaudi yake, AWS, ambayo ni kubwa kuliko zote duniani, ilileta bilioni 107.6, yaani kama asilimia 17 tu. Kwa mstari wa nusu, mwenye klaudi kubwa kuliko zote anatupwa nje ya indeksi ya klaudi! Sasa angalia faida ya uendeshaji ya mwaka huohuo: bilioni 68.6, na AWS peke yake ilitoa 39.8. Zaidi ya nusu. Kampuni ni ileile na mwaka ni uleule, ukipima mapato ni duka, ukipima faida ni klaudi, na yule aliyeandika sheria ndiye alichagua apime nini.

Nvidia nayo ina somo lake. Mwaka wake wa fedha ulioisha Januari 2017 iliuza bidhaa za dola bilioni 6.9, na zaidi ya bilioni 4 zilitoka kwa chipu za gemu. Vituo vya data, ambako AI inakaa, vilileta milioni 830. Mtu angeweka sheria kali ya mapato wakati huo angesema hii ni kampuni ya vijana wa gemu, haituhusu. Mwaka ulioisha Januari 2025 mauzo yalikuwa bilioni 130.5 na vituo vya data vilikuwa bilioni 115.2. Kwa hivyo sheria kali ya mapato inakulinda dhidi ya waongo, ndio, lakini inafika mahali baada ya pesa kushafika. Ukiilegeza unapata mapema, na unapata pia takataka mapema.

Ndio maana wengine wakajaribu njia zingine. Kuna kusoma maneno: S&P ilinunua kampuni ya Kensho mwaka wa 2018 kwa dola milioni 550, na indeksi za S&P Kensho zinatumia kompyuta kusoma ripoti ambazo kampuni za Marekani lazima ziwasilishe kwa SEC, yule msimamizi wa masoko ya mitaji huko, kutafuta nani anazungumzia bidhaa gani na kwa uzito gani. Shida unaiona, anayeongea sana anaonekana sana. Kuna kuhesabu hataza, nani amesajili uvumbuzi mwingi wa AI, lakini IBM iliongoza Marekani kwa hataza miaka 29 mfululizo mpaka 2021 na hakuna mtu atakwambia kwa hiyo miaka yote ndiyo ilikuwa inaongoza kwa pesa. Halafu kuna kuketisha wataalamu wapige alama, kama indeksi ya ROBO Global ambayo fandi yake iko sokoni tangu Oktoba 2013, wanaipa kila kampuni alama kulingana na vile iko karibu na roboti kisha wanagawa uzito, yaani sehemu ya pesa ya fandi inayoenda kwa kila kampuni, karibu sawasawa badala ya kuwaachia wakubwa.

Mimi nikiulizwa, napenda zile zinazoanza na mapato halafu zinaruhusu kampuni kubwa kama Amazon iingie kwa uzito mdogo, kwa daraja la pili hivi. Zinaeleweka, na unaweza kukagua mwenyewe kwa ripoti ya mwaka ya kampuni. Ile ya kompyuta kusoma maneno ni ngumu kwa mtu wa kawaida kujua kama imekosea.

Kitu kingine Fundi, kabla nikuachilie. Fandi ya sekta ya teknolojia na fandi ya mada ya teknolojia si kitu kimoja. Sekta inafuata mgawanyo unaoitwa GICS, na huo mgawanyo ulitoa Facebook na mwenye Google, Alphabet, kwa teknolojia mwezi wa Septemba 2018 ukawapeleka mawasiliano. Visa na Mastercard zikatolewa Machi 2023 zikapelekwa fedha. Amazon iko kwa biashara za rejareja. Kwa hivyo mtu anaweza kununua fandi kubwa ya sekta ya teknolojia ya Marekani, XLK, akiamini ana Google na Amazon na Facebook, na hana hata moja.

Naomba kuuliza. Nafundisha biashara sekondari huku Ruiru, wanafunzi wangu waliniuliza kwa nini Safaricom haiko kwa hizi indeksi za fintech, yaani teknolojia ya pesa, za dunia na M-Pesa inajulikana kila mahali. Nilikosa jibu la maana. Je, ni ubaguzi ama kuna sababu?
Mwalimu, Ruiru

Mwalimu, wanafunzi wako wanauliza vizuri na ningependa uwapelekee jibu lenye hesabu.

Safaricom inakwama kwa milango miwili hivi. Wa kwanza ni wa soko. MSCI na FTSE Russell wote wanaiweka Kenya kwa kundi la masoko ya mpakani, chini ya yale yanayoitwa yanayoibuka kama Afrika Kusini na India. Indeksi nyingi za mada zinaanza na masoko yaliyoendelea na yanayoibuka peke yake, kwa hivyo kampuni ya Nairobi inatolewa hata kabla mtu hajauliza inafanya kazi gani. Hakuna aliyeketi akasema M-Pesa haifai. Haikufika mezani.

Wa pili ni ule mstari wa mapato. M-Pesa siku hizi inaleta zaidi ya asilimia 40 ya mapato ya huduma ya Safaricom, inakimbia kwelikweli, lakini bado ni chini ya nusu. Kwa sheria ya asilimia 50 Safaricom bado ni kampuni ya simu. Ikivuka, huo mlango mmoja utafunguka.

Waambie pia kuhusu hisa zilizo mikononi mwa umma. Kwa miaka mingi serikali ilikuwa na asilimia 35, kundi la Vodafone na Vodacom 40, na sisi wengine tumebaki na robo. Indeksi nyingi za dunia zinapima kampuni kwa ile sehemu inayoweza kununuliwa tu, si kampuni nzima. Kwa hivyo hata ikiingia siku moja, itahesabiwa kama kampuni ya ukubwa wa ile robo. Wape hiyo kama zoezi, wachukue bei ya leo ya hisa kwa gazeti, hisa zote ni kama bilioni 40, wapige hesabu ya kampuni nzima halafu ya ile robo.

Mimi hili linaniuma kidogo, nasema ukweli, kwa sababu huduma iliyoanzia hapa mwaka wa 2007 na ikafundisha dunia kutuma pesa kwa simu haionekani kwa orodha zinazojiita za fintech ya dunia. Lakini sheria zao zimeandikwa wazi na zinasomeka.

Assalamu alaikum. Nina duka la nguo Eastleigh na nataka kuwekea watoto pesa, lakini sitaki riba wala biashara za haramu. Nimeona fandi zimeandikwa Sharia na ndani ni Apple na Nvidia na Microsoft. Ni kweli zimechujwa ama ni jina tu la kuvutia Waislamu?
Mama wa watatu, Eastleigh

Waalaikum salaam dada. Mchujo upo, tena ni mmoja wa michujo ya zamani na iliyoandikwa vizuri kuliko mingi ya hizi za AI. Dow Jones Islamic Market imekuwepo tangu 1999, na MSCI, FTSE na S&P wote wana za kwao, zikiwa na bodi ya masheikh wanaosimamia sheria.

Unaenda kwa hatua mbili. Hatua ya kwanza ni biashara yenyewe: pombe, nguruwe, kamari, tumbaku, benki na bima za kawaida za riba, burudani zisizofaa, zote nje. Kampuni ikiwa na kipato kidogo kisichofaa inavumiliwa ikiwa iko chini ya asilimia 5. Hatua ya pili ni vitabu vya hesabu. Kwa Dow Jones, madeni ya kampuni lazima yawe chini ya asilimia 33 ya wastani wa thamani yake ya soko kwa miezi 24, na pesa taslimu pamoja na dhamana za riba vilevile chini ya 33, na pesa inazodai wateja vilevile.

Sasa hapa kuna jambo ambalo ningependa ulielewe sana dada, kwa sababu linaamua nani yuko ndani. Dow Jones inagawanya deni kwa thamani ya soko. MSCI kwa indeksi yake ya Kiislamu inagawanya kwa mali yote ya kampuni kwenye vitabu. Hisa za kampuni zikipanda bei sokoni, kipimo cha Dow Jones kinakuwa rahisi kupita bila kampuni kulipa hata senti ya deni, na soko likianguka vibaya kampuni inaweza kutolewa bila kukopa hata senti. Kwa MSCI bei haina kazi hapo. Ndio unaweza kupata kampuni moja ni halali kwa orodha moja na si halali kwa nyingine wiki hiyohiyo, na hakuna aliyedanganya. Muulize imamu wako ama mwanachuoni unayemwamini anafuata kipimo kipi, na umuulize pia kuhusu kusafisha, ile sehemu ndogo ya gawio ambayo inatolewa sadaka kwa sababu ya kipato kilichochanganyika.

Kwa nini Apple na Nvidia na Microsoft zimejaa? Ukishatoa benki zote na bima zote na kampuni zenye madeni mengi, kinachobaki kikubwa Marekani ni teknolojia. Kwa hivyo indeksi ya Sharia ya jumla tayari ni ya teknolojia kwa sehemu kubwa. Ukiwa nayo halafu ukanunua tena fandi ya mada ya chipu, umenunua Nvidia mara mbili, na teknolojia ikishuka pesa ya watoto inashuka pande zote. Kwa watatu wako mimi ningeanza na ile ya jumla peke yake.

Sisi ni chama cha wanawake kumi na wawili Kayole, mimi ndiye mweka hazina. Tuliambiwa fandi inatawanya pesa kwa kampuni nyingi ndio tusipoteze yote, lakini nikiangalia ile yetu ya teknolojia kampuni mbili zimebeba karibu nusu. Hiyo ni kutawanya kweli? Hakuna sheria ya kuzuia?
Mweka hazina, Kayole

Sheria zipo mama, na wakati mwingine sheria zenyewe ndizo zinaleta vituko.

Indeksi ikigawa uzito kwa ukubwa wa kampuni bila kikomo, mkubwa anakula sahani yote. Hata kwetu iliwahi kuwa hivyo, kuna wakati Safaricom peke yake ilikuwa zaidi ya nusu ya thamani ya soko lote la hisa la Nairobi. Marekani kuna masharti ya kodi kwa fandi: mwisho wa kila robo mwaka kampuni moja isizidi asilimia 25, na zile zote zilizozidi asilimia 5 zikijumlishwa zisizidi 50. Nasdaq-100, indeksi ya kampuni kubwa za soko la hisa la Nasdaq, nayo ina kikomo chake: zile zilizovuka asilimia 4.5 zikijumlishwa zikazidi 48, wanazishusha mpaka 40. Ndio maana Julai 2023 walipanga upya uzito katikati ya mwaka, jambo lisilo la kawaida, kwa sababu Microsoft, Apple, Nvidia na wenzao walikuwa wamevimba. Hawakutoa kampuni hata moja na hawakuongeza, waligawa uzito upya tu.

Lakini nataka uone hiki kisa cha XLK cha Juni 2024, kwa sababu kinafanana na mlichoona. Hiyo fandi ilikuwa na Microsoft na Apple kama asilimia 22 kila moja, na Nvidia kama 6. Wakati huo hizo kampuni tatu zilikuwa karibu kutoshana kwa thamani, kila moja zaidi ya dola trilioni 3. Sheria ikasema wakubwa watatu hawawezi kukaa wote juu pamoja, mmoja lazima ashushwe, na ashushwe yule wa tatu kwa ukubwa siku ya kupima. Kabla ya hapo alikuwa Nvidia. Siku ya kupima ikafika, Apple ikawa imepitwa kidogo. Apple ikaanguka mpaka kama asilimia 4.5, Nvidia ikapanda mpaka kama 21, na fandi ikalazimika kununua na kuuza hisa za mabilioni ya dola. Apple haikuwa imefanya kosa lolote la biashara. Baadaye mwaka huohuo wenye indeksi waliibadilisha hiyo sheria, na mimi naona walichelewa.

Kwa hivyo jibu lako ni hapana, kampuni mbili kubeba nusu si kutawanya, hata kama orodha ina majina sitini chini yake. Kaeni kwa mkutano mjumlishe zile kumi za juu, na mkipata zimevuka nusu basi mjue mmenunua kumi. Kama chama hakitaki hivyo, tafuteni indeksi inayogawa uzito sawa, lakini mjue nayo inauza zinazopanda na kununua zinazoshuka kila ikipangwa upya, na gharama zake huwa juu.

Kuna shida ya upande wa pili pia, mada ndogo pesa nyingi. Indeksi ya S&P ya nishati safi ya dunia ilikuwa na kampuni 30 tu, pesa zikamiminika mpaka fandi zikawa zinamiliki sehemu kubwa mno ya kampuni ndogo, na Aprili 2021 ikabidi wapanue orodha mpaka zaidi ya 80. Aliyenunua kwa sababu ya zile 30 alijikuta na kitu kingine.

Kampuni ikibadilisha jina tu iseme ni ya AI, inaingia?
Boda, Githurai

Kwa orodha nzuri haiingii, kwa sababu wanaangalia mapato na ukubwa. Lakini bei ya hisa inaweza kuruka kwa jina tu. Desemba 2017 kampuni ya chai baridi ya Marekani, Long Island Iced Tea, ilijiita Long Blockchain na hisa zake zikapanda karibu mara tatu kwa siku moja. Nasdaq iliitoa sokoni mwaka uliofuata na Februari 2021 SEC ikaifutia usajili. Kwa AI nako wameanza kushikwa, Machi 2024 SEC ilitoza kampuni mbili za ushauri wa uwekezaji jumla ya dola 400,000 kwa kudai zinatumia AI kwa njia ambayo haikuwa kweli. Na ukipata linki ya fandi ya AI kwa grupu la Telegram angalia kwanza kama anayeuza yuko kwa orodha ya leseni ya CMA, msimamizi wa masoko ya mitaji hapa Kenya. Asipokuwepo usitume hata mia.

Nimestaafu, nina akiba yangu, kijana wangu ananisukuma niweke kwa fandi ya teknolojia mpya kwa sababu chati yake imepanda miaka kumi mfululizo. Lakini naona fandi yenyewe ilianzishwa juzi. Hiyo chati imetoka wapi? Na kodi ya Marekani itanila kiasi gani?
Mzee, Karen

Mzee wangu, asante kwa kuandika, na macho yako yameona kitu ambacho vijana wengi hawaoni.

Hiyo chati imepigwa nyuma. Mwenye indeksi ameandika sheria leo, halafu kompyuta ikahesabu kama hizo sheria zingekuwepo miaka kumi iliyopita zingeleta nini. Anayeandika sheria leo anajua tayari nani alishinda, na hakuna anayezindua indeksi ambayo chati yake ya nyuma ni mbaya. Kwa karatasi ya indeksi kuna mstari mdogo wa tarehe ya uzinduzi, na S&P kwa mfano huandika wazi kwamba kila kitu kabla ya hiyo tarehe ni cha kukisia. Mwombe kijana akate chati hapo, muangalie pamoja kinachobaki.

Wakati wa kuzinduliwa nao una mambo yake. Fandi ya usalama wa mitandao, HACK, ilifunguliwa Novemba 2014. Kama wiki mbili baadaye ndio habari za Sony Pictures kuvamiwa zikajaa kila mahali, watu wakakimbilia, na katikati ya 2015 ilikuwa imevuka dola bilioni moja. Kufikia mapema 2016 bei yake ilikuwa imeshuka zaidi ya robo. Usalama wa mitandao haukuwa umeisha, biashara iliendelea kukua vizuri tu, lakini walioingia kwa kelele walinunua ghali. Wasomi wanne, Ben-David, Franzoni, Kim na Moussawi, walichunguza fandi za aina hii za Marekani wakaona ndivyo inavyokwenda kwa wastani: zinafunguliwa mada ikiwa tayari imepanda bei, halafu zinabaki nyuma.

Gharama pia. BOTZ inakata asilimia 0.68 kwa mwaka, ROBO 0.95, na fandi ya S&P 500, ile ya kampuni kubwa kama 500 za Marekani, ya Vanguard 0.03. Kwa kila laki moja ni shilingi 680, 950, na 30. Kila mwaka, soko lipande ama lishuke.

Kodi sasa. Kenya haina mkataba wa kodi na Marekani, kwa hivyo gawio la hisa za Marekani linakatwa asilimia 30 kabla halijakufikia. Fandi za teknolojia hutoa gawio dogo kwa hivyo hiyo haiumi sana. Kwa umri wako mimi naogopa zaidi ile ya urithi: mtu asiye raia wala mkazi wa Marekani akifariki akiwa na mali ya huko, zikiwemo hisa na fandi zilizosajiliwa huko, zaidi ya dola 60,000, warithi wanaweza kudaiwa kodi ya urithi na Marekani. Fandi iliyosajiliwa Ireland inayofuata indeksi ileile haimo kwa hiyo hesabu, na gawio la Marekani ndani yake linakatwa asilimia 15. Uliza anayekuuzia fandi imesajiliwa wapi, akisita tafuta mwingine.

Na yale masharti yote niliyoyataja leo yako kwa kitabu cha sheria cha indeksi, PDF ya bure kwa tovuti ya mwenye indeksi. Tafuta jina la indeksi, si la fandi, jina lake liko kwa ukurasa wa kwanza wa maelezo ya fandi. Kijana akusomee vitu vinne: tarehe ya uzinduzi, kiwango cha mapato kinachohitajika, kikomo cha uzito kwa kampuni moja, na orodha inapangwa upya mara ngapi kwa mwaka. Mkikwama kwa ukurasa wowote piga picha utume kwa namba yetu ya WhatsApp, tutaupitia toleo lijalo.